Nani Atasimama Kando Yako

Tulimwita Fundi. Hata pasta alipomwombea kanisani alisema Fundi tu, kana kwamba Mungu hana fundi mwingine hapa Birmingham. Alikuwa fundi wa bunduki, nasema mapema ili mtu asije akamletea bomba linalovuja. Kule Kenya alitunza silaha za askari wa wanyamapori kwa miaka mingi, na huku alikuwa na meza yake ghorofani kwenye karakana ya Mwingereza mmoja, katika ile mitaa iliyo nyuma ya katikati ya jiji ambako zamani karibu kila nyumba ilitengeneza bunduki. Siku hizi ni fleti za wanafunzi na maduka ya kahawa. Chini ya karakana yao kuna mtu anashona viti vya magari.

Nilimpenda mzee yule, na nilimwogopa, na mpaka leo sijaweza kutenganisha hayo mawili. Ukikaa naye unacheka mpaka mbavu zinauma, halafu ghafla ananyamaza na kutazama mlango, nawe unajikuta unautazama pia. Hakuna anayeingia. Anaendelea na chai yake.

Mimi kazi yangu ni kupima masikio katika hospitali iliyo upande wa Bordesley Green, na huko ndiko tulikojuana. Aliletwa na akina mama wa kanisa waliochoka kumrudia kila neno. Nikamvalisha hedifoni, nikampa kitufe, nikamwambia, "Fundi, ukisikia mlio, bonyeza." Akabonyeza kila mlio, hata ile ambayo vijana huikosa. Nikashangaa. Kumbe jamaa anautazama mkono wangu kwenye kioo cha dirisha! Kila nikigusa mashine, anabonyeza. Nikageuza kiti chake kikaelekea ukuta, na hapo ukweli ukatoka. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa na la kulia lilikuwa linajikongoja.

"Sista, umenikamata," akasema. Aliniita Sista ingawa mimi si muuguzi, na nilishachoka kumsahihisha. "Lakini usiniandike kiziwi. Andika nimechoka."

Ukimwuliza sikio lilikufaje, kila mtu alipewa jibu lake. Pasta aliambiwa ni homa ya utotoni. Akina mama waliambiwa ni radi, tena wakaonyeshwa kwa kidole radi ilikopita. Mimi nilipata la kwangu siku moja jikoni kwangu Handsworth, bila kuuliza, akinisaidia kumenya viazi. Alisema ilikuwa ndani ya gari. Askari mwenzake, aliyekaa upande wa dirisha, alipiga bunduki ya mtutu mfupi, na mdomoni mwa bunduki ile palikuwa na breki ambayo Fundi mwenyewe aliifunga asubuhi.

"Yeye alikuwa analalamika bega linamuuma," akasema. "Nikamchagulia kifaa cha kuokoa bega lake. Sikufikiria kiti cha pembeni atakaa nani." Kisha akaniuliza kama viazi vinatosha.

Hadithi ya breki niliielewa baadaye, maana Fundi ukimgusa hapo alikuwa hana breki yeye mwenyewe. Meza yoyote ilimtosha kuwa darasa. Alisema bunduki yenye mtutu mfupi ni kama sufuria unayoifunua kabla uji haujaiva: baruti haijamaliza kuungua ndani, basi inamalizia kuungua nje, mdomoni, usoni pa watu. Kwa hiyo lazima uamue utafanya nini na moto huo na kishindo hicho. Ukifunga breki, inasukuma hewa pembeni, bunduki inatulia mikononi mwako, lakini aliye kando anapigwa kofi ambalo hatalisahau. Ukifunga kificha moto, kinauchana ule mwale ili usikupofushe gizani, ila kishindo kinabaki palepale. Ukifunga sailensa, kishindo kinapungua, lakini ni mzigo, inapata moto, na mtutu uliofupishwa kwa makusudi unarudi kuwa mrefu.

"Hakuna kifaa kinachoondoa shida, Sista. Kinaihamisha tu. Kwa hiyo kabla sijakuchagulia, nataka kujua unaihamishia kwa nani."

Na kweli alikuwa anauliza. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake na hakuiacha hata mbele ya mteja mwenye haraka. Hapa mtu wa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki fupi za namna ile, wateja wao walikuwa wakulima na wawindaji wa paa wenye bunduki ndefu za halali. Lakini swali lilikuwa lilelile. Kwa Kiingereza chake kilichonyooka kama rula alimwuliza kila mmoja nani atasimama kando yako. Siku moja nilikuwa pale nimempelekea chapati, akaingia mkulima mmoja mwekundu wa uso, anataka breki. Fundi akauliza swali lake. Mkulima akacheka, akasema kando yangu husimama mbwa tu.

"Basi tuzungumze habari za mbwa," akasema Fundi, akavuta kiti.

Wallahi walizungumza habari za mbwa yule mpaka chapati zikapoa. Jina lake, umri wake, anakaa kulia au kushoto, akiitwa anageuka upesi au anachelewa. Mkulima aliondoka na sailensa na macho mekundu kuliko uso. Baadaye alikuwa akileta nyama ya paa kila msimu, na Fundi aliipika kwa tangawizi akaigawa kanisani, akisema hii ni sadaka ya mbwa.

Sasa usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkaidi, mwongo wa mambo madogo, na mchoyo wa sukari. Alikaa jirani na spika kubwa ya kwaya, Jumapili zote, sikio zima likielekea huko, na ukimwonya anasema hiyo ni sauti ya Mungu haidhuru. Lakini puto likipasuka kwenye harusi anapauka na kuhitaji kukaa. Ile wiki ya fataki mwezi wa Novemba, barabara yote ya Soho Road inapowaka, alifunga madirisha, akazima taa, akawasha redio ambayo hakuisikia vizuri. Imani, binti wa ndugu yangu, alinunuliwa bastola ya maji ya plastiki, akaielekeza kwa Fundi akicheka. Fundi akaipokea taratibu, akamwaga maji kwenye sinki, akaiweka mfukoni mwake na hakuirudisha tena. Mtoto akalia, "But it's just water!" Fundi akamwambia kwa Kiswahili kwamba atamnunulia baiskeli, na kweli akamnunulia.

Mtu huyo huyo, mpe bunduki ya mtu aifute, anaishika kama anamwosha mtoto mchanga. Nilishawahi kumwambia inanichefua. Hakukasirika. Alisema hata yeye kuna siku inamchefua, lakini mikono haijui kufanya kitu kingine.

Namfikia sasa ndugu yangu, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika haya.

Wafula ni mdogo wangu wa kufuatana. Alikuwa askari Kenya, akaacha, akaja huku kwa kazi ya kutunza wazee. Kazi ile ilimla. Si kwamba ni mbaya, wengi wetu imetulea, lakini yeye kila siku alirudi nyumbani kwake Bordesley Green akiwa amefupika kidogo. Mkewe, Mama Imani, alinipigia simu akisema, "Wifi, kaka yako haongei. Anakula, anaangalia ukuta, analala." Halafu siku moja akaanza kuongea tena, na kucheka, na kupiga pushapu sebuleni. Alikuwa amepata kazi. Jamaa waliokuwa naye jeshini walimwunganisha na kampuni fulani ya ulinzi, nchi ya mbali, kulinda mgodi. Mkewe alichojua ni geti. Alimwambia yeye, na sisi sote, kwamba atasimama getini, atakagua magari, na baada ya muda mfupi atarudi.

Alikuja kwa Fundi Jumamosi moja mchana, na mimi nilikuwepo. Fundi wakati huo alikuwa amehamia Castle Vale, kule kwenye nyumba zilizojengwa juu ya uwanja wa zamani wa ndege. Wafula hakukaa hata dakika kabla hajasema.

"Fundi, nisaidie kitu. Hawa watu wanatugawia zile bunduki fupi, na kila mtu anaambiwa achague mwenyewe kitakachofungwa mdomoni. Maboyz wanabishana tu kwenye simu. Wengine breki, wengine sailensa. Wewe unasemaje?"

Laiti ungeuona uso wa yule mzee! Miaka yote hiyo amekaa na wakulima na mbwa wao, hakuna aliyemwuliza habari za fupi, kitu alichokijua kuliko vyote. Alinyooka kwenye kiti. Mikono yake ikaanza kupima hewa. Nilifurahi kumwona amefurahi, Mungu anisamehe.

"Mtakuwa nje au ndani?"

"Mara nyingi ndani."

"Vyumba vikubwa?"

"Vidogo. Tunaingia pamoja."

"Na nani atasimama kando yako?"

"Wenzangu. Bega kwa bega, Fundi."

"Basi breki sahau. Utawaua masikio wote siku ya kwanza." Akaendelea kwa furaha, sailensa, na kwa nini, na waangalie nini wasije wakaungua mikono. Wafula alisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayepokea dawa. Akamshika Fundi mkono kwa mikono yote miwili, akanibusu shavuni, akaondoka akikimbilia basi.

Fundi akabaki anatabasamu. Akachukua kitambaa akafuta meza, ambayo haikuwa na kitu. Akafuta, akafuta, mkono ukaanza kwenda polepole, halafu ukasimama.

"Sista," akasema. "Geti lina vyumba?"

Sikumwelewa. Akageuka akanitazama, na macho yake sikuyapenda hata kidogo.

"Mlinzi anataka asikike. Akipiga, anataka kila mtu ajue yuko pale, mwizi akimbie, wenzake waje. Mlinzi hana haja ya kuingia mahali kimyakimya na wenzake bega kwa bega. Nilimwuliza swali langu, akanijibu, nami nikamjibu. Nilifurahi tu kuulizwa." Akaketi. "Nimemchagulia vizuri kabisa, na sikuuliza ni kazi gani."

Tulipanda basi sote wawili mpaka Bordesley Green, yeye na fimbo yake, mimi nikipiga simu isiyopokelewa. Tulimkuta Wafula sebuleni, begi limefunguka sakafuni, Imani amekaa ndani yake anacheza kwamba ni boti. Mama Imani alikuwa anakunja fulana.

"Nilichokwambia nakirudisha," Fundi akasema palepale mlangoni, bila hodi. "Usiende."

Wafula akacheka. "Fundi, umekuja mbio hivi kwa hilo?"

"Hiyo si kazi ya ulinzi. Unajua, na mimi najua."

"Ni mgodi. Kuna geti, kuna fensi, kuna nyumba za wafanyakazi. Tunakagua." Alikuwa bado anacheka, lakini aliniangalia kwa jicho la pembe, jicho la kuniambia nimtoe mzee nje. "Dada, mpe Fundi chai."

Mama Imani alisimama na fulana mkononi. "Kuna shida gani?" akauliza. "Si ni getini?"

Fundi alifungua mdomo. Alimtazama yule mama, akamtazama mtoto ndani ya begi, akaufunga. Mimi nilisema. Nilisema mengi, kwa ukali, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu cha nyumbani, nikamwita mjinga, nikamwita majina ambayo mama yetu angenichapa. Wafula alisikiliza mpaka nilipochoka, akasema kwa upole kuliko siku zote, "Huku mimi ni mtu wa kubadilisha nepi za wazungu, dada. Kule najua ninachofanya."

Akaenda.

Alipiga simu mara kwa mara. Nalinda geti, niko salama, chakula si kibaya, jua kali. Mama Imani aliweka simu kwenye spika ili mtoto asikie, na mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba ameng'oka jino. Mimi nilisikiliza nyuma ya maneno. Kila simu alikuwa na cheko jipya, fupi, lililokuja mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Mama Imani alisema anafurahi. Nilimwambia ndiyo, anafurahi. Ningemwambia nini?

Fundi aliacha kazi kipindi hicho. Mwingereza wake alinipigia kuniuliza kama mzee anaumwa, kwamba mteja alikuja akamwuliza ushauri na Fundi akavaa koti akaondoka. Jumapili hakukaa tena karibu na spika. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na ibada ikiisha alinishika mkono. Hakuuliza kama Wafula ni mzima. Aliuliza, "Kuna habari yoyote kutoka kule? Kuna kitu kimetangazwa?" Nikimwambia hakuna, hakuonekana kupata nafuu. Alisema ndivyo itakavyokuwa, haitatangazwa.

Mimi niliomba ndugu yangu asiuawe. Yeye, nilikuja kutambua, alikuwa anawaombea watu wengine kule, na nilimchukia kidogo kwa hilo.

Wafula alirudi. Alirudi mzima, ameungua jua, amejaa mabega, na zawadi kwa kila mtu. Imani alimrukia hadi miwani ikaanguka. Nililia kama mjinga pale uwanja wa ndege. Wiki hiyo nilimburuta kliniki nimpime masikio, maana ndiyo namna yangu ya kupenda mtu, na yalikuwa safi, hakuna hata alama ya mtu aliyekaa karibu na mlio wa risasi. Nikamwambia Fundi kwa furaha. Alinisikiliza, akaniomba nirudie, kisha akasema anaomba Wafula aende kumwona, na aende na familia yake.

Tulikwenda Jumapili mchana. Fundi alikuwa ameanguka bafuni siku chache kabla na mguu wake ulikuwa juu ya stuli. Alikuwa amekonda. Mama Imani, ambaye hawezi kuona jiko la mtu mgonjwa bila kuliingia, alikwenda kuchemsha chai. Imani alitoka nje na baiskeli. Wafula akavuta kiti akakaa upande wa kulia, upande wa sikio lililo hai, na hiyo ilinigusa, kwamba amekumbuka.

"Fundi, nimekuja kukushukuru," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ulinichagulia vizuri. Wale wa kundi jingine waliofunga breki walijuta. Sisi vijana wako masikio yote mazima, na pale mtaani hakuna jirani hata mmoja aliyeamka."

"Mtaa gani?" Fundi akauliza.

"Kule kule."

"Kwenye mgodi kuna mtaa?"

Wafula akacheka lile cheko lake jipya. Akasugua magoti. "Kazi ni kazi, Fundi. Imeisha. Uliniuliza nani atasimama kando yangu. Nimekuja kukuambia wote waliosimama kando yangu wamerudi kwao."

"Na mbele?"

Si Fundi aliyesema. Ilikuwa ni Mama Imani, amesimama kwenye mlango wa jikoni ameshika sinia. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Hajui lolote la bunduki yule mama, hajui breki wala sailensa, alikuwa ameuliza tu kitu ambacho mtu yeyote angeuliza. Miaka yote niliyomsikia Fundi na swali lake la kando, hilo la mbele sikuwahi kulisikia likiulizwa, wala mimi sikuwahi kuliuliza.

"Baba Imani," akasema. "Mbele yenu walikuwa akina nani?"

Wafula alimtazama mkewe. Uso wake ulilainika, kama anavyofanya anapotaka kumtuliza mtoto, na alipojibu alishusha sauti chini kabisa, ili isiwe kitu kikubwa.

"Usiogope, mama. Walikuwa wamelala."

Mama Imani akaiweka sinia sakafuni. Fundi aliinama mbele na mguu wake mbovu, sikio limeelekezwa kwa Wafula, kisha akanigeukia mimi.

"Amesema nini?" akauliza. "Sista, sijasikia. Amesema nini?"